Mchinjaji wa Hoteli ya Singasinga

Alikula kwa vidole vitatu, na alipenda watu waone. Sisi wengine tulitia mkono mzima kwenye wali. Yeye alibana tonge dogo kwa ncha za vidole, akalizungusha kwenye mchuzi, akaliinua, kisha akangoja kidogo kabla ya kulitia mdomoni, ili kama kuna mtu hajamtazama apate nafasi ya kumtazama. Ndivyo alivyokula kila siku ya Mungu kwa miaka saba niliyomjua pale Shinyanga, katika hoteli ya Singasinga karibu na stesheni. Sahani mbili zilizojaa zilipita katika vidole hivyo vitatu kila adhuhuri, na sikuona siku hata moja punje imebaki.

Jina lake silitaji. Si kwa kumheshimu, ila ana wajukuu, nao hawajanikosea. Hata hivyo mjini hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mchinjaji, basi. Kwao ni wapi sijui, na nadhani yeye mwenyewe alikuwa akiamua kila asubuhi. Mbele ya Waarabu alikuwa mtu wa Pangani. Mbele ya watu wa Ujiji alikuwa mtu wa Ujiji, tena wa ukoo mkubwa. Siku alipokuja karani mmoja wa reli mzaliwa wa Bagamoyo, nilisikia kwa masikio yangu kwamba Mchinjaji naye alilelewa Bagamoyo. Nilikuwa nakaanga sambusa, nikacheka mpaka mafuta yakaniunguza mkono.

Mimi ndiye niliyekuwa mpishi wa hoteli ile. Watu waliniita Mama Hadija. Niliingia kama mkaanga chapati, na baada ya miezi michache vyungu vyote vikawa vyangu. Mwenye hoteli alikuwa fundi seremala wa Kihindi, Singasinga mwenye kilemba na ndevu zilizofungwa kwa uzi, aliyekuja na watu waliokuwa wakijenga reli. Reli ilipoendelea kwenda Mwanza yeye akabaki, akajenga kibanda cha mabati na kuweka meza sita. Sisi tulimwita Bwana Singa. Mbele walikaa Wahindi wa kiwanda cha pamba, wafanyabiashara wa Tabora, wanunuzi wa ng'ombe na makarani wa reli, wakinywea vikombe vya udongo vyenye visahani vyake. Nyuma, chini ya kibanda cha wazi, palikuwa na benchi refu na vikombe vya bati kwa kila mtu mwingine. Mlango mmoja uliunganisha pande zote mbili, na jiko langu lilikuwa pembeni mwa mlango ule, kwa hiyo niliwasikia wa mbele na wa nyuma pia.

Bwana Singa mwenyewe ndiye aliyenifundisha dengu, mchuzi wa kuku, achari ya ndimu na chai ya maziwa yenye iliki. Lakini kuku wa hoteli yake hakumla. Dini yake haikumruhusu kula nyama iliyochinjwa kwa kisomo cha Kiislamu, na wateja wake karibu wote hawangekubali nyama iliyochinjwa vinginevyo. Basi kila adhuhuri mwenye hoteli alikaa jikoni kwenye kigoda, akala dengu na chapati mbili, na kule mbele Mchinjaji alikuwa akifyonza mapaja ya kuku. Nilimwuliza Bwana Singa siku moja kama haoni uchungu. Akaniambia, "Mama, yule ndiye mlango wa hoteli. Mlango haulipishwi."

Ni kweli alikuwa mlango. Meza yake ilikuwa ya kwanza ukiingia, na aliichagua mwenyewe. Mgeni akishuka kwenye gari la moshi, akachungulia na kuona kilemba cha Bwana Singa, alisita. Kisha alimwona mzee mwenye kanzu nyeupe na kofia ya kufuma, mdomo unang'aa mafuta, akajua kwamba nyama imechinjwa na Mwislamu, akaingia. Mchinjaji alijua vizuri nguvu zake. Akiudhika na jambo dogo, chai imepoa au paja ni dogo kuliko la jana, alihamia kwenye kibaraza cha duka la jirani, akaketi na tasbihi yake. Hakusema neno. Watu walimwona pale nje, wakaulizana kuna nini, na kufika saa saba meza zilikuwa tupu. Bwana Singa alimfuata mwenyewe na sahani mkononi.

Maneno yake nayo. Kila alilolisema alilibandika kwa wazee wa pwani, maana wazee wa pwani hawakuwapo kumkanusha. Alipenda kuingia jikoni akinuia kuonja, akasimama nyuma yangu na kusema, "Mama Hadija, mpishi hupika, lakini anayelisha watu ni mchinjaji." Alilisema hilo kila wiki kwa miaka saba. Mwanzo nilijibu, "Ni kweli, Mzee." Baadaye nilikuwa nagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria mpaka amalize.

Watu wa mashamba aliwaita washenzi, na kuku wao aliwala wote. Masanja, Msukuma aliyetuletea kuku kutoka vijiji vya upande wa Shinyanga ya zamani, alikuja mara mbili kwa wiki na matenga yake begani. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye sauti kubwa ya kuitia ng'ombe. Alipofika alisalimia mji mzima, "Mwangaluka!" Mchinjaji aligeuza uso ukutani mpaka asikie "Shikamoo", kisha akaitikia marahaba kwa puani. Masanja hakuchukia. Kwake yeye ilikuwa salamu mbili badala ya moja, akawa anazitoa zote kila alipokuja, kwa furaha.

Siku moja Masanja alisimama mlangoni, akamwangalia Mchinjaji anavyokula, akamhurumia kwa dhati.

"Baba, mbona unakula peke yako? Umegombana na watu?"

"Hii ni hoteli," Mchinjaji akasema.

"Kwetu mwanaume anakula na wenzake kwenye shikome, pale nje penye moto wa wanaume. Akipita mtu njiani tunamwita. Anayekula mwenyewe mchana hivi watu wanamwogopa, bhabha. Wanasema huyu ana dawa mbaya."

Mbele pote waliangua kicheko. Mchinjaji alisimama akataka Masanja asiingie tena hotelini, na kwa wiki nzima alinitazama mimi kana kwamba ndimi niliyemtuma. Lakini kuku walihitajika, na Masanja akaendelea kuja.

Nisiwe mchoyo wa ukweli. Kuna jambo moja yule mtu alilijua, na alilijua vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alijua kuchinja. Hakunoa kisu mbele ya mnyama. Hakuchinja mbuzi mmoja mwingine akitazama. Alimpa maji kwanza, akamshika kichwa taratibu, akamsemesha kwa sauti ndogo ambayo binadamu hakuwahi kuipata kwake, na mnyama alitulia. Mara moja alimfukuza mteja mwenye ng'ombe aliyevunjika mguu aliyekokotwa kwa kamba tangu mnadani. Alimtukana yule bwana matusi mazito, kisha akapiga magoti kwenye tope akamfungua ng'ombe mwenyewe. Nilimwona akitokwa machozi. Nimejaribu miaka yote hii kulitoa jambo hilo kichwani ili nimdharau bila kikwazo, limekataa kutoka.

Basi ikaja Idi moja, Bwana Singa akampa zawadi ya koti jeusi la sufu lenye vifungo vya shaba. Ndipo mambo yalipoharibika. Mchinjaji alilipenda koti lile kuliko wake zake wote wawili. Alilivaa juani, akatokwa jasho kama mtu wa homa, na hakulivua. Na mtu mwenye koti la namna ile hawezi kuchutama nyuma ya jiko akirushiwa damu na kuku. Siku tatu alichinja huku amekunja mikono mpaka kwapani na kujitenga nyuma, kuku wakateseka. Siku ya nne aliingia jikoni asubuhi, kisu kimefungwa kwenye kitambaa.

"Mama Hadija, unasali?"

"Nasali, Mzee."

"Una udhu?"

"Ninao."

"Basi shika."

Nilirudisha mikono nyuma. "Mzee, mimi mwanamke."

"Nimekuona. Kitabu kimeruhusu. Mwanamke Mwislamu akilitaja jina la Mungu, alichochinja ni halali sawasawa na nilichochinja mimi. Ila watu wa hapa hawakusoma. Usiwape maneno ya kutafuna."

Anayesoma haya leo huenda asielewe uzito wake. Katika mji wetu mwanamke hakuchinja. Mume akiwa safarini na mgeni amefika, mama wa nyumba alisimama mlangoni, kuku kwapani na kisu mkononi, akingoja mwanaume yeyote Mwislamu apite. Nimewaona wanawake watu wazima, waliohitimu Kurani, wanamngoja mlevi anayeyumba njiani aje awachinjie, naye akisahau bismillahi wanamkumbusha. Mimi mwenyewe nimewahi kungoja hivyo mpaka mgeni akaaga. Kwa hiyo mzee wa msikiti aliponiambia kwamba Kitabu kimeruhusu, nilimwamini kwa moyo wote, na namshukuru Mungu kwamba alikuwa anasema kweli. Ndilo lililoniudhi zaidi baadaye. Alijua.

Alinifundisha siku nne. Namna ya kumlaza kuku kuelekea kibla, namna ya kuyakanyaga mabawa bila kumwumiza, mahali pa kuweka kidole, kisha mkono mmoja wa haraka. Nilikuwa mwanafunzi mwepesi. Siku ya tano hakuja tena nyuma ya jiko, akaenda moja kwa moja kwenye meza yake na koti lake. Miaka mitatu kuku wote walioliwa na wafanyabiashara wa Tabora, makarani wa reli na wasafiri wa Mwanza niliwachinja mimi, na Mchinjaji alikaa mlangoni akipokea salamu zao. Bwana Singa alijua, akanyamaza kwa sababu aliyeamuru ndiye aliyekuwa na haki ya kuamuru. Nami sitaki kudanganya, nilifurahi. Nilichinja vizuri, nikajiona mtu.

Masanja naye aliona, maana ndiye aliyenishikia kuku wakati mwingine. Hakuna aliyemwambia kwamba ni siri. Tulisahau kwamba kwake hilo halikuwa jambo.

Ilikuwa Ijumaa baada ya sala, hoteli imejaa, kuna pilau. Masanja alikuwa kwenye benchi la nyuma na kikombe chake cha bati, ameshiba, moyo mweupe. Akamwona Mchinjaji kupitia mlango ule, akataka kumpa pole ya uzee. Akapaza ile sauti yake.

"Wewe baba, umefanya vizuri kupumzika! Mkono wako ulishazeeka, ulikuwa unawatesa wale kuku. Huyu mama anachinja safi, kuku hatapatapi hata kidogo!"

Hakuna aliyeelewa kwanza. Kisha mnunuzi mmoja wa ng'ombe, mtu mwenye sauti katika msikiti, akaweka mfupa chini.

"Mama yupi?"

"Huyu wa jikoni," Masanja akasema kwa fahari, kama mtu anayemsifu dada yake. "Kila nikimletea kuku, anachinja mwenyewe."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia. Macho yote yalinijia mimi, kisha yakaenda kwa Mchinjaji. Nakumbuka kwamba sikuogopa. Nilifikiri sasa atanyanyuka aeleze. Yeye ndiye aliyesoma, yeye ndiye aliyenipa kisu, atawaambia Kitabu kinasema nini na pilau itaendelea. Nilimtazama nikingoja, na hata nadhani nilitabasamu.

Alikuwa na tonge mdomoni. Akalitema mkononi.

"Astaghfirullah! Mwanamke! Nyuma ya mgongo wangu!"

Ikawa sasa ni kusimama, kusukuma viti, kutema mate. Karani mmoja alitoka mbio, akatia vidole kooni kando ya reli. Mtu alipindua sinia la pilau. Mchinjaji alikuwa ameinua mikono miwili juu akimshitakia Mungu jinsi alivyodanganywa, kwamba kila alfajiri alichinja kwa mkono wake, na kumbe mimi nilikuwa naongeza wangu kwa siri alipokwenda sokoni. Masanja alishangaa, akawa anamgeukia huyu na huyu. "Nimesema nini kibaya? Jamani, nimesema anachinja vizuri!" Namkumbuka akikusanya matenga yake, akiniomba msamaha kwa Kisukuma kwa kosa asilolijua.

Mchinjaji alitoa hukumu yake jioni ile ile. Vyungu vyote vioshwe mara saba, mara moja kwa mchanga. Yeye mwenyewe asimamie. Na mpishi aondoke. Bwana Singa aliniita kando, hakuweza kuniangalia usoni.

"Mama, mimi najua. Lakini nikisema mimi, nani ataniamini katika jambo la dini yenu? Mimi na kilemba hiki?"

Alikuwa anasema kweli, na sikumlaumu sana. Alinipa chombo chake cha iliki kilichojaa, na ubao wa kusukumia chapati.

Nyumbani kulikuwa kubaya kuliko hotelini. Mume wangu alikuwa fundi cherehani, mtu mtaratibu ambaye hakuwahi kuniinulia sauti. Nilimweleza yote. Akavaa kofia yake, akaenda kumwuliza Mchinjaji mlangoni pa msikiti mbele ya watu, na Mchinjaji akaapa. Aliapa kwa jina la Mungu, ameshika mlango wa msikiti. Mume wangu alirudi akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mtu mzima vile ataapa uongo?"

"Ameapa."

"Kwa nini aape uongo?"

Ningemwambiaje kwamba ni kwa sababu ya koti na mapaja ya kuku? Hakuniacha, hakunipiga. Aliacha tu kula chakula changu. Niliandaa, akakaa, akanawa, akatazama sahani, kisha akaenda kula kwa dada yake. Hata uji. Hata kunde zisizo na nyama, ambazo sijui kisu changu kingezifanya nini. Miezi minne nilikaa nikipika chakula na kukila peke yangu.

Kabla sijaondoka Shinyanga nilikwenda kwa Mchinjaji. Sikutaka zaidi ya neno moja: aseme mbele ya watu kwamba kisu alinipa yeye. Neno hilo lingenirudishia mume wangu na jina langu. Alinipokea kibarazani, koti limetundikwa msumarini nyuma yake.

"Mama Hadija, tumia akili," akaniambia kwa upole, kama anamwonea huruma mtoto. "Wewe ukianguka umeanguka mwanamke mmoja, litapita. Mimi nikianguka mji mzima hauna mchinjaji."

Akili yangu ilikuwa imejaa matusi na sikutoa hata moja. Nimejilaumu kwa hilo kuliko kwa jambo lolote.

Nilisikia habari za dhahabu ya Geita kama kila mtu alivyosikia. Nilipanda lori la pamba mpaka Masumbwe, na hapo kwenye kituo dereva mmoja akanitazama akasema, "Wewe si ndiye yule mama wa Shinyanga?" Nikajua jina limenitangulia. Nilitembea na wachuuzi mpaka Rwamgasa, nikasimamisha kibanda cha nyasi kwa ajili ya wachimbaji, nikapika nilivyofundishwa na Bwana Singa: dengu, chapati, chai yenye iliki, na kuku wa mchuzi siku alipopatikana. Wachimbaji wakawa wanasema wanakwenda kula kwa Mhindi, na Mhindi ni mimi. Lakini kisu sikukishika. Mimi niliyechinja miaka mitatu bila kosa nilisimama tena njiani kila asubuhi, kuku kwapani, nikingoja mwanaume yeyote apite. Nilikuwa na hofu kwamba jambo litajulikana tena na nitapoteza hata kibanda kile. Kila nilipongoja pale nilimfikiria Mchinjaji, na sikumfikiria kwa dua njema.

Akaja. Mwaka wa pili wangu pale, mchana, jua kali, niliona mzee anashuka kwenye lori lililotoka Ushirombo, anauliza watu, anaonyeshwa kibanda changu. Koti alikuwa nalo. Vifungo vya shaba vilikuwa vimebaki viwili, na nondo walikuwa wamekula mabega. Shinyanga ilikuwa imepata mchinjaji mwingine, kijana mwenye elimu, na Bwana Singa alikuwa ameuza hoteli akaenda Mwanza. Wachimbaji wanane walikuwa kwenye benchi wakila.

Nilimpa shikamoo, maana mama yangu alinilea.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Mwanangu!

Akaniomba twende nyuma ya kibanda. Hapo alishika mkono wangu. Akaniambia moyo wake unapigapiga vibaya, mganga wa hospitali amemwambia hivi na hivi, na siku zake anazihesabu. Mungu husamehe yaliyo kati yake na mja, akasema, lakini yaliyo kati ya mja na mja hayasamehe mpaka mwenye haki asamehe. Amesafiri siku nne kwa ajili hiyo.

"Niridhie, Mama Hadija."

"Kwa lipi?"

"Unalijua."

"Liseme, Mzee. Nataka kulisikia."

Akatazama huku na huku, kana kwamba mashimo ya dhahabu yana masikio. "Lile la kisu," akanong'ona.

Miaka yote hiyo nilikuwa nimengoja mdomo ule utamke. Nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa tulivu, kwamba nitamridhia dunia na akhera, na bakuli la mchuzi nitampa, na nauli ya kurudi. Ila aende pale mbele, kwa wale wanane. Wawili ni watu wa Tabora, mmoja ana ndugu Shinyanga. Awaambie alinipa kisu yeye, na kwamba Kitabu kimeruhusu.

"Hapa? Kwa wachimbaji hawa?"

"Mimi niliaibika mbele ya mji mzima. Hawa ni wanane."

Akajifunga kifungo kimoja cha koti. Akatoka. Mimi nikabaki nimesimama nyuma ya ukuta wa nyasi kama msichana anayesubiri posa, nikamsikia anakohoa kusafisha koo, na wachimbaji wakanyamaza kwa heshima ya mvi.

"Wanangu," akasema. "Mama huyu namjua tangu zamani. Ni mtu mwema. Chakula chake kizuri sana."

Wakasema, "Kweli kabisa, Mzee." Akarudi kwangu uso umetulia, kama mtu aliyetua mzigo.

"Nimesema."

"Hukusema."

"Nimekusifu mbele za watu, Mama Hadija. Unataka nini tena? Mimi ni mtu mzima."

Nilimtazama. Niliitafuta hasira yangu, nikaikuta imenywea, na mahali pake pakawa na dharau tupu. Mtu amesafiri siku nne akiogopa moto wa Jahanamu, na kumbe aliogopa wachimbaji wanane zaidi. Nikamwambia aende salama. Aliuliza kama nimemridhia. Nikamwambia hapana. Sikumridhia siku ile na sijamridhia mpaka leo, na anayetaka kunihubiria aje kwanza nimsimulie upya.

Akaondoka polepole kwenye njia ya malori. Nami nikaelewa kitu ambacho ningepaswa kukielewa Shinyanga. Nilikuwa nangoja mdomo usiokuwa na neno lolote ndani yake, na nilikuwa na wangu.

Nikamchukua kuku wa jioni kwenye tenga. Nikachukua kisu. Nikatoka nacho mbele ya benchi, mahali ambapo kila mtu anaona.

"Jamani," nikasema, "mimi ndiye yule mwanamke wa Shinyanga. Miaka mitatu niliwachinjia watu kuku, kwa sababu mchinjaji wa mji alinipa kisu na kuniambia ni halali, na ni halali. Alipoulizwa alinikana. Ndiye huyo anayekwenda kule. Kuanzia leo nachinja mwenyewe, hapa, mkiniona. Anayetaka kuondoka aondoke."

Mchinjaji alikuwa bado hajafika mbali. Najua alisikia, kwa sababu alisimama. Kisha akaendelea kutembea.

Nikamlaza kuku kuelekea kibla, nikayakanyaga mabawa yake taratibu. "Bismillahi, Allahu akbar," kwa sauti, mkono mmoja. Kuku hakutapatapa.

Watu wawili wakanawa mikono, wakasimama, wakaenda zao bila kuaga. Sita wakabaki wamekaa, wananitazama. Yule mkubwa wao, mtu wa Tabora, akauliza mchuzi utakuwa tayari saa ngapi.